Saluni Ikifungwa Mlango kwa Baridi

Habari za mchana, dada zangu, na nyie vinyozi mliojibanza pale nyuma. Nimeombwa nizungumze juu ya saratani kwenye kazi za saluni. Najua wapo waliokuja na hofu kwamba nitawaambia mfunge biashara. Sifungi biashara ya mtu. Mimi leo nagombana na mlango.

Hapa Mbeya Juni ikishaingia, saluni nyingi kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole mlango umerudishwa na pazia limeshushwa. Baridi, sawa, naielewa. Lakini humo ndani kuna asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, kuna yale maji ya kuchanganyia poda ya kucha, kuna dawa ya kunyoosha nywele inayopigwa pasi ya moto. Mvuke wa asetoni na wa yale maji ya kucha ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka na kutuama chini. Kuna saluni niliingia nikakuta mtoto mchanga amelazwa juu ya khanga, sakafuni, kando ya meza ya kucha. Mama yake akanieleza, "Hapa upepo haumfikii." Na mimi hilo ndilo lililonishtua.

Tutenganishe sasa yanayojulikana na yanayodhaniwa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lile lililo chini ya WHO kule Lyon, Ufaransa, tangu 1993 limeiweka kazi ya wasusi na vinyozi kwenye kundi la 2A, maana yake huenda inaleta saratani, na inayotajwa hasa ni ya kibofu cha mkojo. Kemikali iitwayo formaldehaidi iko kundi la 1. Huko hakuna tena "huenda": inaleta saratani ya nyuma ya pua, na ya damu pia. Hii hutoka kwenye baadhi ya dawa za keratini, zile za kunyoosha nywele, pasi inapozigusa, na kwenye lebo inaweza kujificha kwa jina la methilini glaikoli au formalini. Macho yakianza kuchoma na kutoa machozi, hiyo siyo "dawa kali inayofanya kazi".

Kwa nyie wa kucha peke yenu, ushahidi wa saratani haujashiba kama wa wasusi. Kinachowawahi ni pumu na mzio wa ngozi, na mzio wa akriliki, yaani wa yale maji na poda ya kucha, ukishakuingia unaweza kukusumbua hata siku ya kuziba jino, maana dawa ya kuzibia jino nayo ni ya jamii hiyo. Ile barakoa ya bluu inapunguza vumbi la kuchonga kucha tu, mvuke unaipita.

Basi fungueni pande mbili zinazotazamana, vaeni sweta. Chupa ifunikwe kila ukimaliza kuchovya, pamba iliyotumika iende kwenye kopo lenye mfuniko. Na anayewasha jiko la mkaa karibu na asetoni, huyo tutaonana baadaye.

Kuna aliyeniuliza pale mlangoni kama maziwa yanaosha kemikali. Mwanangu, maziwa yanakwenda tumboni, mvuke uko mapafuni. Kunywa ushibe.

Ila ukiona damu kwenye mkojo, hata kama hakuna maumivu, hata ikitoka siku moja ikakata, usikimbilie duka la dawa kununua vidonge vya UTI. Inaweza kuwa kichocho, inaweza kuwa kingine. Nenda hospitali, na mtajie daktari kwamba unapaka watu rangi za nywele, na ni mwaka wa ngapi huu. Asipouliza, mwambie mwenyewe.