Banda la gari limegusa mpaka: kuomba variansi huko Texas

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tuko na wenye nyumba wa Texas. Kati ya Machi na Mei mvua ya mawe inashuka, boneti zinajaa mabonde, na watu wanakimbilia kuweka banda la gari. Wanapeleka mchoro jijini kuomba kibali, unarudishwa: banda liko karibu mno na mpaka. Hapo inabaki kuomba variansi, yaani ruhusa ya bodi ya jiji ya kujenga karibu na mpaka kuliko sheria inavyotaka. Kaka Baraka, mtu huyo aanzie wapi?

BARAKA: Aanzie kwenye mpaka wenyewe, dada Zuhura. Kosa ninaloliona zaidi ni kupima kutoka ukingo wa lami, au kutoka njia ya waenda kwa miguu. Kiwanja hakianzii hapo. Mara nyingi futi kadhaa za nyasi unazozikata kila wiki ni za jiji. Umbali wa kisheria, yaani setibeki, hupimwa kutoka mstari wa mpaka, na mstari huo uko kwenye ramani ya mpima ardhi uliyopewa uliponunua nyumba. Kama huna, mlipe mpima ardhi kabla hujalipa ada ya maombi. Bodi haitakukadiria futi.

ZUHURA: Na wa Houston?

BARAKA: Houston haina sheria ya ukanda wa matumizi ya ardhi kama Dallas au San Antonio. Ila kuna mistari ya kujengea kwenye ramani za viwanja, ambayo jengo halipaswi kuivuka, na masharti yaliyoandikwa kwenye hati ya kiwanja. Wao wasome hati zao kwanza.

ZUHURA: Tuchukue mfano. Kati ya ukuta wa nyumba na mpaka wa pembeni kuna futi 11, na setibeki ni futi 5.

BARAKA: Zinabaki 6. Gari linaingia kwa taabu, mlango haufunguki. Ukiweka nguzo futi 2 kutoka mpakani unapata futi 9, na hizo zinatosha gari moja. Kwa hiyo unaomba kupunguziwa futi 3. Usiombe 5 ukitegemea kupunguziwa kama sokoni. Bodi hutafuta kiasi kidogo kabisa kinachoondoa tatizo, na aliyezidisha anaonekana hakupima.

ZUHURA: Hapo upenu nao uhesabiwe.

BARAKA: Tena sana. Kanuni za kimataifa za majengo ya makazi, ambazo miji ya Texas huzitumia kwa matoleo tofauti, hazitaki upenu ufike ndani ya futi 2 za mpaka. Sababu ni moto kuruka kutoka paa hadi paa. Katika mfano wako nguzo iko kwenye futi 2, basi paa liishie hapo hapo, na maji yaelekezwe mbele, kwenye njia yako ya gari. Chini ya futi 5 masharti ya moto bado yanabana, kwa hiyo mwulize mkaguzi wa majengo kabla ya kuagiza mabati. Variansi inalegeza umbali wa ukanda tu; kanuni ya moto inabaki palepale.

ZUHURA: Na pande zake?

BARAKA: Angalau mbili ziwe wazi. Ukiziba, hilo si banda tena, ni gereji, na ombi linabadilika.

ZUHURA: Sasa tuje kwenye neno ambalo watu wengi huangukia: ugumu.

BARAKA: Sheria ya Texas, sura ya 211 ya kanuni za serikali za mitaa, inasema bodi inaweza kutoa variansi kama haipingani na maslahi ya umma, na kama hali maalumu zinafanya kuifuata sheria neno kwa neno kulete ugumu usio wa lazima. Hiyo hali maalumu iwe ya kiwanja. Mvua ya mawe inamnyeshea kila mtu mtaani, kwa hiyo haikutofautishi na jirani. Magari matatu ni uamuzi wako. Kinachosikika ni kiwanja chembamba kuliko vingine vya ukanda huo, au chenye umbo la kipande cha pai kwenye mwisho wa barabara isiyopita, mteremko mkali nyuma, au mwaloni mkubwa unaolindwa na jiji katika sehemu pekee ambayo banda lingekaa.

ZUHURA: Na gharama? Wengi wanaandika "sina uwezo wa kulihamisha".

BARAKA: Zamani sentensi hiyo ilikuwa haina uzito. Tangu Septemba 1, 2021, Texas inaruhusu bodi kuzingatia kama gharama ya kutii inazidi asilimia 50 ya thamani ya jengo husika kwenye orodha ya tathmini ya kodi. Inaweza pia kuangalia kama kutii kunakupotezea angalau asilimia 25 ya eneo linaloweza kujengwa kiwanjani. Hiyo ya pili ndiyo ningeikazania kwa kiwanja chembamba: chora eneo, piga hesabu, andika asilimia. Lakini sheria inasema bodi "inaweza" kuzingatia, haijalazimishwa.

ZUHURA: Kuna njia ambayo haihitaji kuthibitisha ugumu?

BARAKA: Ipo katika baadhi ya miji, na inanisikitisha kuona watu wanaipita. Dallas ina ruhusa maalumu ya mabanda ya gari. Kwa setibeki ya mbele, bodi huangalia kama hakuna njia ya kutosha ya kufikisha gari nyuma ya mstari wa kujengea, na kama banda halitawaathiri majirani. Masharti yake: hapo linawekwa gari tu, si makochi na maboksi. Ulizia kwenye dirisha la vibali la jiji jina la njia hiyo kabla ya kujaza fomu ya variansi.

ZUHURA: Mchoro wa kiwanja uwe na nini?

BARAKA: Mipaka yote na vipimo vyake, nyumba, banda, umbali kutoka kila nguzo na kila upenu hadi mpakani, njia ya gari, miti, na ukanda wa huduma, yaani sehemu ya kiwanja chako ambayo shirika la umeme au maji lina haki ya kuitumia. Huo wa mwisho ni mtego. Nguzo ikiingia ndani yake, bodi haina mamlaka ya kukuruhusu. Unahitaji ridhaa ya shirika lenye haki hiyo. Hali kadhalika chama cha wamiliki wa nyumba: bodi ikikubali, wao bado wanaweza kukupeleka mahakamani kwa masharti ya hati.

ZUHURA: Kwetu jirani akisema sawa mbele ya mjumbe, mambo yameisha.

BARAKA: Huku barua ya jirani ni msaada, si kibali. Ila ni msaada mkubwa, hasa ya yule wa upande wa banda. Jiji litawaandikia majirani, mara nyingi walio ndani ya futi 200. Mtangulie, mwonyeshe mchoro, mweleze maji yatakwenda wapi. Pingamizi nyingi ni za maji.

ZUHURA: Siku ya kusikilizwa?

BARAKA: Hesabu vichwa. Bodi ina wajumbe wasiopungua 5, na kukubaliwa kunahitaji asilimia 75 ya wajumbe. Kwa bodi ya watu 5 hizo ni kura 4. Wakikaa wanne tu, mmoja akikataa umeshindwa. Omba kuahirishwa kabla kesi yako haijafunguliwa. Ni ombi la kawaida kabisa. Ukinyimwa, una siku 10 tangu uamuzi uwekwe kwenye ofisi ya bodi kufungua shauri mahakamani. Siku 10, si mwezi.

ZUHURA: Na aliyepewa?

BARAKA: Bado hana kibali cha ujenzi. Dallas inampa siku 180 kukiomba. Akishakipata, avute kamba kwenye mstari wa mpaka, achimbe mashimo ya nguzo, amwite mkaguzi apime yakiwa matupu. Inchi 4 zilizozidi kwenye shimo ni kazi ya asubuhi moja. Zege likishakauka, anarudi tena mbele ya bodi.