Mganga Aliyeiacha Mvua Inyeshe

Wazee wangu shikamooni. Ndugu zangu, na nyie wanafunzi mliojazana pale nyuma, habari za jioni.

Nimeombwa nimzungumzie mwandishi ninayempenda, nami nimemchagua Mmarekani Ursula K. Le Guin, aliyezaliwa California mwaka 1929 na kufariki mwaka 2018. Wengi wanamjua kwa riwaya za Earthsea, dunia ambayo yote ni visiwa, wenzetu wa Ukerewe wangejiona wako kwao. Riwaya leo naziweka kando. Hadithi zake fupi nazipenda zaidi, kwa sababu humo hana nafasi ya kumkweza shujaa; anatuonyesha kazi yenyewe.

Chukueni The Bones of the Earth, iliyomo katika mkusanyiko wa Tales from Earthsea wa mwaka 2001. Inaanza na mvua. Mganga mzee, Dulse, mifupa inamuuma, na uwezo wa kuisukumia mvua hiyo upande wa pili wa mlima anao. Anatamani kweli, lakini anajizuia. Sisi watu wa ziwani hapa Mwanza tunamwelewa upesi: mvua ukiifukuza Kirumba ikamwagikie Sengerema, watu wa Sengerema umewauliza? (Huenda wanaihitaji, lakini hilo ni shauri lao.)

Kisha linakuja tetemeko, na chini ya mlima kuna mji wa bandari. Anayekaa Isamilo au Igogo, mawe yale yamemning'inia juu ya bati, hapa atasoma polepole. Dulse anajua njia moja tu ya kulizuia, aliyorithi kwa mwalimu wake, na kumbe mwalimu huyo alikuwa mwanamke, jambo alilolificha miaka yote. Anaingia ardhini, anakuwa sehemu ya mlima, na hatoki tena. Mwanafunzi wake Ogion yuko bandarini anayashikilia majabali, na kwa kuwa ndiye anayeonekana, sifa zote anapewa yeye. Anawaambia ni kazi ya mwalimu wake. Wanamsifu kwa unyenyekevu!

Hapo ndipo ninapompendea Le Guin. Hakuna aliyewadanganya watu wale. Wameambiwa kweli mchana kweupe, hawakutaka kuisikia, kwa sababu shujaa wao walikwisha kumpata. Na yule mama aliyemfundisha Dulse dawa hiyo hata hatajwi.

Mkiona hiyo ni nzito, anzeni na The Rule of Names ya mwaka 1964. Kisiwa kidogo, mganga mnene asiye na makuu. Chunjua akizitibu, baada ya siku tatu zimerudi, na wanakijiji bado wanamwendea kwa kuwa ni wao. Ni nani hasa huyo mganga, sisemi. Yupo mmoja hapa mbele ameshaisoma, naye namwomba anyamaze.

Kisiwani humo jina la kweli la mtu haliulizwi wala halitajwi. Vitabu viwili vyenye hadithi hizi nimekuja navyo, na wa kuazima aandike jina lake kwenye daftari hili. Hapa si Earthsea, vitabu vyangu vimeshapotea sana.