Saa 3 kwa Wiki: Mfadhiliwa Kutoka Mji Mdogo na Kazi ya Kujitolea

Wanafunzi wapenzi, karibuni.

Leo nasema na ninyi mliofika chuoni kwa ufadhili wa masomo, tena kutoka miji midogo, kule ambako mtu akipita barabarani anajulikana ni mtoto wa nani. Mada ni kujitolea, na nianze na barua yenu ya ufadhili.

Usiku wa leo itoeni muisome upya. Wengi huisoma mara moja, siku ya furaha, na siku hiyo macho hukimbilia kwenye kiasi cha fedha. Tafuteni mambo matatu: mnadaiwa saa ngapi za huduma kwa mwaka, mwisho wa kuwasilisha fomu ni lini, na nani anaruhusiwa kutia saini. Hilo la tatu ndilo linaloliza watu. Mwanafunzi amefanya kazi saa 40 kwa moyo wote, kisha fomu imesainiwa na mwanafunzi mwenzake aliyekuwa kiongozi wa kikundi, nayo ofisi ikataka saini ya msimamizi wa mahali penyewe. Saa zote zinapotea. Anayesoma ugenini ana jambo la nne: masharti ya viza. Kuna nchi ambazo kazi inayolipwa kwa kawaida, hata ukiifanya bure, huhesabiwa kuwa ajira. Ulizeni ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kuanza, na mpate jibu kwa maandishi.

Sasa hesabu. Muhula wa wiki 15, ukiondoa wiki ya kwanza ya kujipanga na mbili za mwisho za mitihani, unabaki na wiki 12. Ukifanya saa 3 kila wiki, ni saa 36. Anayengoja mpaka zibaki wiki 4 atalazimika kufanya saa 9 kwa wiki, wakati uleule ambao mitihani inabisha hodi. Na kwa kuwa ufadhili mwingi una kiwango cha ufaulu, mtu anaweza kuupoteza kwa kukimbiza sharti la ufadhili huohuo. Msisahau njia. Ikiwa kwenda ni dakika 40 na kurudi 40, kwenda mara tatu kwa saa moja moja kunakula saa 4 za safari. Kwenda mara moja kwa saa 3 kunakula saa 1 na dakika 20. Chagueni siku moja, na isibadilike.

Kama kazi inahusu watoto, tarajieni kuchunguzwa kwanza: kumbukumbu za polisi, wadhamini, pengine alama za vidole. Huchukua wiki kadhaa. Ombi lipelekwe wiki ya kwanza ya muhula, la sivyo mtajikuta mnaruhusiwa wakati muhula unakwisha.

Nitaichukua kazi moja tu niifungue, maana kusema "nendeni mkasaidie" hakumsaidii mtu. Tuseme umepewa mtoto mmoja anayejifunza kusoma, dakika 30. Mpe kitabu asome ukurasa mmoja. Akikwama kwenye maneno matano au zaidi katika ukurasa huo, kitabu ni kigumu, tafuta kingine. Kaa ubavuni mwake, siyo mbele yake, ili nyote muone maandishi wima. Akikwama, nyamaza. Hesabu moyoni mpaka tano. Bado? Funika neno kwa kidole, uache silabi ya kwanza tu ionekane, kisha fungua ya pili. Akishindwa kabisa, mtajie, arudie sentensi nzima tangu mwanzo, muendelee.

Kosa la karibu kila anayeanza ni kutaja neno haraka, kwa huruma. Mtoto hugundua upesi sana. Baada ya vipindi viwili macho yake yanaacha herufi na kukutazama usoni, akingoja midomo yako isogee. Ukiona hivyo, ujue unasoma wewe. Mara moja kwa wiki mpime kwa dakika moja: akisoma maneno 48 akakosea 5, andika 43 na tarehe. Namba ikipanda kutoka 43 hadi 51, mwonyeshe mwenyewe.

Hapo ndipo dunia inapofunguka, na wengi hupapita bila kupaona. Mwanafunzi wa mji mdogo huogopa lafudhi yake, huogopa viatu vyake, akidhani mji mkubwa ni wa watu waliokwisha kujua kila kitu. Wiki ya kwanza mtoto hasemi neno. Kadiri unavyorudi mlango uleule, siku ileile, ndivyo mambo yanavyotoka: mama yake anafanya kazi usiku, nyumbani wanazungumza lugha nyingine, daftari liliachwa nyumba waliyohama. Hayo hayapo kwenye ramani ya chuo. Ndiyo maana siwashauri kuzunguka vituo vitano kwa siku moja moja, hata kama picha zitakuwa nyingi. Na picha za watoto msipige bila idhini ya wazazi na kituo.

Mwaka 1920, Mswisi Pierre Cérésole alianzisha kambi ya kujitolea kijijini Esnes, karibu na Verdun, Ufaransa, kujenga upya palipobomolewa na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Miongoni mwa wajenzi walikuwamo Wajerumani, maadui wa juzi tu. Nia ilikuwa safi, lakini si wenyeji wote walioweza kuwapokea, na kambi haikudumu. Ndani ya kazi hiyo lilizaliwa shirika la Service Civil International, ambalo bado lipo. Mimi naiona Esnes kama somo la hodi: muulizeni mwenyeji anahitaji nini, na muwe tayari aseme hahitaji kile mlicholeta.

Msiahidi msichokimudu: fedha, vitabu, kurudi mwakani. Posho yenu mmepewa mle na msome.

Kila kipindi kiandikwe kwenye daftari palepale: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, kilichofanyika, na jambo moja mlilolisikia. Mkihitaji barua ya mapendekezo, mwombeni msimamizi wiki 4 kabla, mkimpa nakala ya kurasa hizo. Barua yenye mambo halisi hutoka kwenye daftari kama hilo.

Mkiondoka, mwambieni mtoto wiki 3 kabla, siyo siku ya mwisho. Kisha mwachieni msimamizi karatasi moja ya mrithi wenu: kitabu gani, ukurasa gani, namba ya mwisho ya dakika moja, silabi zinazomsumbua, na kwamba akikwama anahitaji kuhesabiwa mpaka tano. Anayekuja baada yenu aanzie hapo.