Manyoya marefu ya mbwa mdogo katika joto la Mtwara: nachana, naosha, nafunga kishungi

Haya jamani, karibuni tena. Leo nipo uani kwetu, Shangani, na huyu mezani ni Pweza. Ni jike, Yorkshire Terrier, hajafika hata kilo tatu, na manyoya yake hayo mnayoyaona yanaburuza meza. Kila siku mnaniuliza nampaka nini yakarefuka hivi. Simpaki kitu. Manyoya ya aina hii hayana ile sufi ya chini waliyonayo mbwa wengine, huota tu bila kukoma, kama nywele zetu za kichwani. Kazi yako ni kuyazuia yasikatike. Na hapa Mtwara vya kuyakata havikosekani: mchanga, maji ya chumvi, viroboto wanaomfanya ajikune usiku kucha, na sisi wenyewe na machanuo yetu.

Vifaa chapuchapu. Brashi ya pini za chuma, ila pini ziwe tupu, zisiwe na vile vidoti vya plastiki kwenye ncha. Vile vidoti hunasa nywele moja moja na kuzikata, nawe huoni. Kitana cha chuma. Chupa ya kupulizia. Rababendi ndogo kabisa. Mkasi mdogo wenye ncha butu. Brashi na rababendi nauza mimi. Kitana tafuteni kwenye maduka ya vipodozi sokoni, sitawadanganya, ni kilekile.

Kuchana. Usichane manyoya makavu. Chupani mna maji na konditiona kidogo tu, nimetikisa, napulizia, halafu ndiyo nachana. Mlaze ubavu. Anza chini tumboni, panda tabaka kwa tabaka, na kila tabaka anza kwenye ncha kwanza ndipo urudi shinani. Watu wengi wanapitisha brashi juu juu, mgongo unang'aa, ukifunua chini ni jamvi. Mimi nikiletewa mbwa siangalii mgongo, naingiza vidole kwapani.

Subiri. Mdogo wangu, sogeza simu hapa. Hapa, nyuma ya sikio. Mnaliona hili? Jana nimechana, leo fundo. Basi vizuri, mtaona linavyofunguliwa. Pulizia mpaka lilowe. Mkono wa kushoto unabana manyoya hapa, kati ya fundo na ngozi, ili nikivuta ivutike mikono yangu na siyo ngozi yake. Vidole vinalipasua kati, liwe mawili, yale mawili yawe manne. Sasa kitana: situmii meno yote, natumia jino la mwisho peke yake, nachokonoa kutoka nje kwenda ndani. Taratibu... Pweza tulia mama. Taratibu... hilo limeachia. Nywele zilizotoka ni hizi, ni chache sana. Ukikata kwa mkasi una shimo nyuma ya sikio, na kuliziba ni miezi.

Na ukimaliza mafundo ndiyo unaosha. Usioshe mbwa mwenye fundo. Fundo likiingia maji na shampuu, likikauka linakuwa gumu, hapo hata jino la mwisho halisaidii.

Kuosha mnajua. Shampuu iwe ya mbwa, ya kwetu imetengenezwa kwa ngozi yenye asidi zaidi kuliko yao. Ichanganye na maji kwanza, mimina, shusha mkono kuelekea chini, usimfikiche mviringo kama unafua kanzu. Suuza mpaka utelezi uishe. Kama mmetoka ufukweni au mmevuka kwenda Msangamkuu, suuza kwa maji baridi ya bomba siku hiyohiyo, chumvi isilale naye.

Mafuta ya nazi? Najua, nazi ni zetu. Tone moja, lipakae kwenye viganja, gusa ncha tu. Zaidi ya hapo anakuwa ufagio, vumbi lote la barabarani analikusanya yeye, na mafuta yanayobaki anayalamba.

Kukausha. Taulo unabana, husugui. Halafu draya, moto mdogo, na mkono wako uwe hapohapo kwenye manyoya: ukiungua wewe, ameungua yeye. Wengine wanamwachia jua limkaushe. Kwa unyevu wa huku, hasa Januari mpaka Machi, juu panakauka na chini kwenye ngozi panabaki majimaji, ndiyo ile harufu na vile vipele... eh! Umeme umekata. Haya, taulo la pili hilo nipe. Tunaendelea kwa taulo na brashi, bana, chana, bana, chana. Itachukua muda, nakata hapa kidogo.

Tumerudi. Sasa kishungi, na hapa naomba mnisikilize. Chukua manyoya kuanzia kwenye kona ya nje ya jicho, panda mpaka usawa wa sikio, upande huu na huu. Kusanya. Rababendi zungusha mara mbili. Usikaze. Akishindwa kufumba macho, umekaza. Halafu pitisha ncha ya kitana chini ya rababendi, hakikisha hujabana ngozi, hujabana sikio. Sikio, nasema tena. Kuna mteja alileta mbwa ncha ya sikio imeingia ndani ya rababendi tangu jana yake, mwenyewe haioni kwa sababu ya wingi wa manyoya. Sikio limevimba na ni la baridi. Moja kwa moja tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Kwa hiyo kila ukifunga, shika masikio yote mawili, yahisi mpaka nchani.

Kufungua: kata rababendi. Usivute. Kata. Ncha butu ya mkasi inaingia chini ya rababendi, kwa juu, mbali na ngozi, tik. Rababendi ni ya kutupa, usiionee huruma. Ukivuta inaondoka na manyoya, kila siku kidogo kidogo, halafu mnaniuliza mbona utosi umepauka.

Wakati mikono ipo humu, tafuteni kupe: ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole. Msimu wa mvua kila siku. Na tafadhali, ile dawa ya kuogeshea ng'ombe usimkadirie kwa jicho mbwa wa kilo tatu. Utamuua. Muulize afisa mifugo.

Manyoya ya katikati ya nyayo punguza, ya nyuma chini ya mkia punguza, mnajua kwa nini. Njia ya mgongoni ipasue kwa kitana, kuanzia shingoni mpaka mkiani, imenyooka, basi. Wenye watoto wa mbwa wa aina hii msishtuke rangi ikibadilika, huzaliwa weusi na kahawia, ule weusi wa mgongoni unageuka kijivu cha chuma polepole, wengine hadi miaka miwili na zaidi.

Kama huna robo saa kila siku, mnyoe mfupi. Naye atashukuru kwa joto hili. Rababendi nauza kwa pakiti, wa Lindi na Masasi nawatumia kwa basi, nauli ya mzigo juu yenu.