Herufi Baada ya Namba: Maeneobunge ya Minnesota

ASHA: Tuanze na neno lenyewe, maana linachanganya. Mtanzania akisema jimbo, anamaanisha la mbunge. Marekani, jimbo ni Minnesota nzima. Leo basi tuseme eneobunge, kama Wakenya.

JUMA: Sawa, dada. Minnesota ina maeneobunge 67 ya Seneti. Kila moja hukatwa vipande viwili, A na B, kila kipande na mwakilishi wake. Maseneta 67, wawakilishi 134.

ASHA: Mkazi wa 40B, kwa mfano?

JUMA: Ana seneta wa 40, ambaye ni wa watu wa 40A pia, na mwakilishi wa 40B. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 5,706,494. Gawa kwa 134: kama 42,586 kwa kila mwakilishi. Na wanahesabiwa wote, kichanga na asiye raia humohumo.

ASHA: Hapo ndugu zetu wengi wa huko wanajipunja. Mtu hana uraia, basi anadhani hana mwakilishi.

JUMA: Anaye, hata kama hapigi kura. Aingie tovuti ya Bunge la Minnesota, aandike namba ya nyumba na mtaa. Msimbo wa posta pekee hautoshi. Mmoja huweza kuangukia maeneobunge mawili au zaidi. Barua pepe ianze na anwani yake, kisha namba ya muswada. Muswada kwa kawaida huwa na namba mbili: HF kwa wawakilishi, SF kwa Seneti. Ukimtajia mwakilishi ile ya SF, unampa kazi ya kutafuta.

ASHA: Na aandike kabla kamati haijausikiliza. Ukishafika ukumbini, kuubadilisha ni kazi.

JUMA: Halafu wengine humwandikia mbunge wa Bunge la taifa, Washington, kuhusu leseni za udereva. Hizo ni sheria za jimbo! Wanajisumbua bure.

ASHA: Tueleze yale ya 40B.

JUMA: Katiba ya jimbo inataka mgombea awe ameishi ndani ya eneobunge miezi 6 kabla ya uchaguzi. Mshindi wa Novemba 2024, wa chama cha Democrat, alikuwa na flati ya kupanga Roseville, ilhali nyumba yake iko Little Canada, nje ya mpaka. Desemba mahakama ikaamua kwamba katika flati ile hakuwa akiishi. Akaachia kiti kabla ya kuapishwa.

ASHA: Kiti kimoja tu.

JUMA: Kimoja! Lakini wawakilishi walikuwa sare, 67 kwa 67. Ghafla Republican 67, Democrat 66. Democrat wakasusia vikao. Januari 2025 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema akidi, yaani idadi ya chini inayotakiwa kikaoni, ni 68, kwa hiyo wale 67 peke yao hawakuweza kufanya kazi ya Bunge.

ASHA: Kisha ukaja Machi 11 uchaguzi mdogo wa 40B.

JUMA: Democrat wakakirudisha. 67 kwa 67 tena.