Uvimbe wa figo kwa mgonjwa wa saratani ya pafu: nani kaanza?

Ndugu zangu, narudia wimbo wangu uleule. Mgonjwa wa saratani ya pafu akionekana na uvimbe kwenye figo, msikimbilie kuandika "imesambaa". Huenda ni kweli. Huenda pia ni saratani ya figo yenyewe, nayo hupenda sana kuhamia mapafuni. Nani kaanza?

CT (picha ya eksirei inayoonesha mwili vipande vipande) inatoa fununu. Vinundu vidogo vingi, figo zote mbili, ving'aavyo kidogo tu dawa ya kontrasti ikiingia: shukuni pafu. Uvimbe mmoja uliotokeza nje na kuwaka mapema: shukuni figo. Lakini pafu nalo huweza kuzaa uvimbe mmoja mkubwa. Na mkipiga picha sekunde 30 tu baada ya dawa, gamba la figo limewaka huku sehemu ya ndani bado giza, na kinundu kinajificha humo. Pigeni tena kwenye sekunde ya 100 hivi.

Mtaniambia, "Daktari, si hatua ya nne (saratani iliyosambaa mbali) tu vyovyote iwavyo, biopsi (kuchukua kinyama cha kupima) ya nini?" Ya nini! Dawa za saratani hizi mbili kwa sehemu kubwa hazifanani. Hakikisheni chembe sahani (za kugandisha damu) zimezidi 50,000 kwa mikrolita, INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda) haijafika 1.5, presha imetulia. Chukueni vipande viwili au vitatu kwa sindano ya geji 18. Kinyama hicho chembamba kama uzi kiingie papo hapo kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya chenyewe. Si maji ya chumvi! Kwenye maji ya chumvi kinaoza njiani. Kikae saa 6 hadi 72. Kikisahaulika wiki nzima dirishani wodini, DNA imekatikakatika na kipimo cha EGFR (jeni inayosaidia kuchagua dawa ya saratani ya pafu) hakisomeki. Na kwenye fomu andikeni kwamba mgonjwa ana saratani ya pafu. Mtu wa patholojia si mganga wa ramli.

Maabara hupaka kinyama rangi za kutambua protini: TTF-1 ikishika na PAX8 ikakataa, elekeeni pafu, hasa adenokasinoma (saratani ya seli za tezi). PAX8 ikishika na TTF-1 ikakataa, elekeeni figo. Napsin A (alama nyingine ya pafu) peke yake msiiamini, baadhi ya saratani za figo huishika pia. Skwamasi (aina nyingine ya saratani ya pafu) ina mambo yake, leo naiacha.

Naona naoneshwa saa. PET (picha ya sukari yenye mionzi inayokusanyika kwenye saratani)? Ile sukari hutoka kwa mkojo, figo zinawaka zenyewe. Kifua kikuu nacho hushika pafu na figo: mkojo ukiwa na usaha lakini hauoteshi bakteria wa kawaida, upelekeni GeneXpert (kipimo cha vinasaba vya kifua kikuu) kabla ya kushika sindano ya biopsi.