Sarafu Zilizochakaa: Mhadhara juu ya Chenji za Utotoni

Mbukwenyi! Asanteni. Wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi wanafunzi mliojipanga karibu na mlango kwa sababu mnazozijua wenyewe.

Mtu akisikia "mkusanyaji wa sarafu" hufikiria kabati la kioo na dhahabu ndani. Mimi nimekuja kuzungumzia chenji: chenji ya mtoto aliyetumwa dukani, hapa hapa Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1980, enzi za foleni za sukari na sabuni. Na nina ugomvi wa siku nyingi na wakusanyaji wenzangu. Wao husaka sarafu ambayo haijaguswa na mkono. Mimi naitaka iliyochakaa.

Senti tano ya wakati ule ilikuwa na pembe 12 na samaki mgongoni. Ishirini ilikuwa na mbuni anayetimua mbio, thumuni, yaani senti hamsini, ilikuwa na sungura, na shilingi ilikuwa na mkono ulioshika mwenge. Hizo nne zilitoka pamoja mwaka 1966, nchi ilipoanza kutumia fedha yake yenyewe. Senti kumi ya pundamilia, ile yenye ukingo wa mawimbimawimbi, ilifuata mwaka 1977. Sisi watoto wa upande wa reli tulishindana nani ana nyingi za 1966. Sheria yetu ilikuwa moja: chenji ya mama haiibwi, hubadilishwa. Ukiona ya 1966, unatoa yako mpya kwenye kibubu, unaiweka pale, hesabu inabaki ileile. Mama anahesabu, ameridhika, nawe umetajirika.

Upande wa pili kulikuwa na sura ya Mwalimu na maneno "Rais wa Kwanza". Hilo lilinisumbua sana. Mwaka 1966 wa pili alikuwa hajulikani hata kwa ndoto, mbona sarafu imeshaanza kuhesabu? Nilimuuliza baba, akaniambia nikanywe uji. Wa pili alikuja mwaka 1985, na mwaka 1987 nikapewa jibu na mwenye duka: sarafu yenye sura ya Mzee Mwinyi.

Bibi naye alikuwa na kopo la majani ya chai lenye senti za Afrika Mashariki, zile za tundu katikati, zimetungwa kwenye kamba. Dukani hazikupokelewa tena, ndiyo maana alinipa bila kubembelezwa. Pale kwenye tundu pangekaa uso wa mfalme wa Uingereza, kwa hiyo limebaki jina lake tu. Moja, senti kumi ya 1936, ina jina la Edward wa Nane. Bwana huyu alikalia kiti mwaka huo na kukiacha Desemba ya mwaka huohuo, hata taji hakuvishwa. Uingereza kwenyewe wananchi hawakupata kuzoea sarafu zenye sura yake, kwani ziliishia kwenye majaribio. Huku kwetu, senti yenye jina lake ilinunua chumvi kwa miaka mingi, nayo imesuguliwa mpaka herufi zinasomeka kwa kupapasa. Mwenzangu mmoja anayo kama hiyo, mpya kabisa, inang'aa. Namheshimu, lakini yake haijawahi kununua kitu.

Sasa ile ya Tabora. Nilipewa na mzee mstaafu wa reli, na hiyo ndiyo inayonipa usemi mbele ya watu. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, manowari za Waingereza zilifunga pwani, na sarafu kutoka Ujerumani zikawa hazifiki. Wajerumani wakaamua kuzigonga wenyewe, kwenye karakana ya reli huko Tabora, mwaka 1916. Heller 20, chenji yao ya wakati ule, zilitengenezwa kwa shaba chakavu, maganda ya risasi yakiwemo. Zitazameni: zimepinda, picha imekaa upande, haraka ya vita unaiona kwa macho. Wakagonga na rupia 15 za dhahabu zenye tembo, na dhahabu yenyewe ilitoka mgodi wa Sekenke, kwa jirani zetu wa Iramba. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora. Hiyo ya tembo mimi sina. Mtu akikuuzia mnadani kwa bei ya kuku, basi umenunua kuku.

Vijana huniuliza zisafishweje. Zisisafishwe! Ndimu na majivu ni vya sufuria. Asidi ya ndimu inakula shaba, inaondoka na ile rangi ya kahawia iliyokaa miaka 80, na hairudi. Chombo ninachowashauri mnunue ni sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio. Shilingi ya 1966 ni ya shaba na nikeli, sumaku haiigusi. Nyingi za miaka ya 1990 ni chuma kilichovikwa nikeli, zinanaswa papo hapo. Hapo umeshajua nchi ilikuwa inabana matumizi, bila kusoma bajeti.

Na zilienda wapi zile za senti? Bei zilipanda, shilingi ikashuka, ikafika mahali senti ishirini hainunui hata njiti ya kiberiti; zikaachwa kwenye droo, zikachezewa na watoto, zikapotea. Shilingi hamsini ya kifaru sasa iko njia hiyohiyo. Dukani unapewa pipi badala yake. Mia tano ya nyati, iliyotoka mwaka 2014 baada ya noti kuchakaa upesi, ndiyo inayolia mkononi mwa konda. Kwa hiyo msisubiri niwauzie za zamani. Leo jioni, mkishuka kwenye daladala, angalieni mwaka kabla hamjaitumia.

Meza ile pale nimezimwaga zote. Zishikeni, zipapaseni, hazina mwiko. Zimeshapita kwenye mikono michafu kuliko yenu. Ya Tabora tu naomba irudi. Maswali? Tuanze na mzee mwenye kofia.